Mama Funguo na Muhuri Usio na Jina

Mama Funguo hajui kutulia. Mpe kiti, atakaa upande mmoja kama mtu aliyepita kuuliza njia. Mpe chai, atazunguka nayo chumba kizima mpaka ipoe, halafu aulize ni nani kamletea chai baridi. Mumewe, fundi wa mafriji, mtu mpole asiye na makuu, husema alioa kiguu na njia, na kwamba hata kwenye picha ya harusi yao, ukiitazama vizuri, utaona mkono mmoja wa bibi harusi umetoka ukungu. Jina hilo la Mama Funguo alipewa kazini. Hana mtoto anayeitwa Funguo, msije mkamtafuta.

Kazi yake ilikuwa kugawa funguo katika hospitali kubwa, na si funguo za milango. Hizo za milango anazo mlinzi, na hupotea kila kukicha. Funguo za Mama Funguo hazishikiki. Zilikaa ndani ya kadi ya kazi ya kila mfanyakazi, na kila ufunguo ulibeba sifa za mwenye kadi: huyu ni muuguzi, huyu mfamasia, huyu ni wa wodi ya watoto, huyu amefuzu mafunzo fulani, huyu ni msimamizi wa zamu. Jina halimo. Ukiwa na malalamiko unachomeka kadi kwenye kompyuta yoyote ya hospitali, unaandika yaliyokukaa rohoni, unachagua sifa zako zipi zionekane na ni watu wa sifa gani wanaoruhusiwa kusoma, kisha unabonyeza mara moja. Hapo yanafanyika mawili kwa pigo moja. Ujumbe unapigwa muhuri unaosema aliyeandika ni muuguzi kweli, si mpita njia, na papo hapo unafungwa usisomeke ila na yule uliyemtaka, tuseme awe daktari na pia awe mjumbe wa kamati ya usalama wa wagonjwa. Yote mawili kwa mtu mmoja. Daktari asiye mjumbe na mjumbe asiye daktari wakiunganisha kadi zao watasubiri mpaka wazeeke. Mkurugenzi mwenyewe alikwisha kulijaribu hilo pamoja na karani wa kamati, wakaishia kulaumu mtandao.

Zamani kulikuwa na sanduku la maoni, lile la mbao lenye tundu juu. Mfamasia mmoja akatumbukiza karatasi kueleza kwamba dawa zinatokea mlango wa nyuma. Jina hakuweka, maskini, lakini mwandiko wake wa kulala upande ulijulikana mpaka na wagonjwa. Wiki haikuisha akahamishiwa chumba cha kufulia, mtu na elimu yake, akawa anakunja mashuka. Mama Funguo wakati huo alikuwa mapokezi, na kila akimwona mfamasia yule akipita na kitoroli cha mashuka alihisi kitu kinamkwaruza kifuani. Siku uongozi ulipouliza nani yuko tayari kwenda kusomea mambo ya kadi za kazi, alinyoosha mkono swali likiwa bado njiani. Akaenda, akasoma, akarudi amekonda na ameshiba maneno, na akawasumbua wakubwa mpaka wakakubali, nadhani kwa kuchoka tu kumwona akizunguka kwenye korido zao.

Wenzake hawakumwamini mara moja. Katika mafunzo ya kwanza mtu wa maabara aliuliza lile ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni: na wewe unayetukatia hizo funguo, hutatuona? Akajibu ukweli mtupu, kwamba hata yeye haoni, na kwamba mihuri ya wauguzi wawili wenye sifa moja haitofautiani machoni pake wala pa mashine. Wakamwamini. Ana mambo mengi, Mama Funguo, lakini uongo hauwezi. Akidanganya bei ya nyanya tu hubabaika.

Sasa tumfikie wifi, maana bila wifi hakuna habari. Wifi yake ni dada mkubwa wa mumewe, mjane, muuguzi na msimamizi wa zamu katika chumba cha upasuaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini na mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Ndiye aliyemlea mdogo wake na kumsomesha ufundi, na ndiye anayemtunza mama yao, ambaye ni mtu wa kulala tu siku hizi, katika nyumba ya wafanyakazi iliyo nyuma ya hospitali. Jumapili alikuwa akija kwa mdogo wake kula, na akija alikagua. Alipitisha kidole juu ya kabati. Alifunua sufuria asizoambiwa afunue. Aliwahi kusema, mbele ya watu, kwamba mwanamke asiyetulia hata chumvi huitia mara mbili. Mama Funguo naye hakuwa malaika, nyuma ya mgongo wake alimwita Jenerali. Siku wifi alipokwenda kuchukua kadi yake, wala hakusema asante. Alisoma sifa zake kwenye kioo cha kompyuta, akasema kwamba moja imesahaulika, kwani yeye amefuzu mafunzo ya mtungi wa kuchemshia vyombo. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Mama Funguo, maana ilibidi aanze upya huku amesimamiwa kama mtoto wa shule.

Huo mtungi ndio uliokuja kuleta balaa. Ni mashine kubwa kama pipa lililolazwa, inapika mikasi, visu na koleo za upasuaji kwa mvuke mpaka vijidudu vife. Kila furushi la vyombo hufungwa kwa utepe maalumu, na moto ukitosha, mistari ya utepe huwa myeusi. Isipokuwa myeusi, vyombo havijaiva, havigusi mtu. Mkurugenzi ndiye aliyeuchagua mtungi mpya, na siku ya kuuzindua alikata utepe, ule mwingine wa sherehe, mbele ya kamera.

Basi ukafika ujumbe kwa kamati. Mama Funguo hakuusoma, yeye si daktari, ufunguo wake haufungui. Aliusikia siku ya Alhamisi walipousikia wakuu wote wa idara, katika kikao, ukisomwa kwa sauti na mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti ni daktari wa macho, mtu mwema, mwema mpaka anaudhi. Ujumbe ulisema mtungi mpya haufikii joto, kwamba utepe unatoka na rangi ya maziwa kama ulivyoingia, kwamba wauguzi wanaambiwa waendelee tu kwa sababu foleni ya wagonjwa ni ndefu, na kwamba mama aliyejifungua kwa upasuaji mwezi ule mshono wake umeoza na bado yumo wodini. Watu wakainamisha vichwa. Halafu mwenyekiti, kwa furaha ya mtu aliyeshika ushahidi, akasema huu si umbeya wa korido, tazameni muhuri, akausoma: muuguzi, wa chumba cha upasuaji, aliyefuzu mafunzo ya mtungi, msimamizi wa zamu.

Mama Funguo alikuwa amesimama mlangoni, kama kawaida yake. Aliposikia sifa ya pili alikohoa. Ya tatu, akatafuta pa kushika. Ya nne ilimkuta ameshika kitasa cha mlango kwa mikono miwili.

Kwa nini? Tusaidiane kidogo hapa. Muuguzi ni nani? Ni umati, hospitali nzima imejaa wao, ukisema "muuguzi" hujamtaja mtu. Muuguzi wa upasuaji ni kikundi. Waliofuzu mtungi ni wa kukaa benchi moja: mmoja amestaafu, mwingine amemfuata mumewe mji wa mbali, waliobaki, ukimtoa mmoja, ni wageni kazini. Na msimamizi wa zamu miongoni mwao? Jina halikuandikwa, muhuri haukuvunjwa, hakuna aliyechungulia popote, na bado mwandishi alikuwa amesimama katikati ya uwanja peke yake. Mama Funguo hakuhitaji kufungua mashine kutazama. Sifa ile ya tatu aliichapa kwa mkono wake, huku amesimamiwa.

Mtungi ulifungwa mchana uleule, na vyombo vikawa vinapelekwa kuchemshwa hospitali ya jirani. Hilo lilikuwa jema, na wagonjwa walipona kwalo. Lakini Mkurugenzi aliona amevuliwa nguo hadharani. Alimwita Mama Funguo ofisini, akamuuliza swali la neno moja, nani. Mama Funguo akaeleza, huku akitembea kutoka dirishani hadi kabatini, kwamba haijulikani, kwamba mfumo umejengwa usijue. Mkurugenzi alimwacha amalize safari zake. Kisha akasema kwa upole kabisa kwamba hana haja na mfumo. Sifa nne amezisikia kwa masikio yake. Daktari wa upasuaji hawezi kumsaidia kwa sababu huwaita wauguzi wote "sista" na hajui nani ni nani, lakini Metroni, mkuu wa wauguzi, anawajua kama vidole vyake, na Metroni yuko kwa bintiye aliyejifungua, atarudi Jumatatu. Mtu wa namna hiyo, alisema Mkurugenzi, hatufai hapa, na nyumba za wafanyakazi ni za wafanyakazi.

Kumbe alikuwa akijua kwamba mtu huyo, awaye yote, anakaa nyumba ya hospitali? Hapana, alibahatisha tu, wauguzi wengi wanakaa huko. Lakini Mama Funguo alishuka ngazi mbilimbili. Alimwona akilini mama mkwe amebebwa pamoja na godoro lake nje ya nyumba ile, na hakuweza kuliondoa wazo hilo kichwani.

Jumamosi si siku yake ya kazi, lakini alikwenda. Mumewe alimwuliza anafuata nini, akasema amesahau mwavuli, na jua lilikuwa linawaka. Chumba chake kiko ghorofa ya juu kabisa, jirani na matangi ya maji, na siku nzima bomba hulia humo kama tumbo la mwenye njaa. Alifungua mashine, akaifunga. Akapanga upya nyaya ambazo hazikuwa na tatizo. Akaifungua tena. Dawa ilikuwa mbele yake: awape wauguzi wengine sifa ile ya mtungi na ile ya usimamizi, wawe watano, wawe kumi, umati urudi, Metroni akiulizwa asijue pa kushika. Vidole vilikuwa tayari juu ya vitufe. Lakini hao kumi ni nani? Ni watu na nyumba zao, nao wana mama zao vitandani, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kutiwa kwenye moto wa mwenzao. Akaondoa vidole. Akashuka chini, akapanda, akashuka, mlinzi akamwuliza kama kuna anachotafuta, akamjibu kwa ukali usiomstahili.

Jumapili wifi alikuja kama kawaida. Mumewe Mama Funguo alikuwa uani, amelivua friji la jirani mgongo, anapiga mluzi. Wifi aliingia jikoni moja kwa moja, akavitazama vikombe vilivyooshwa, akaanza kuviosha tena. Siku nyingine hilo lingetosha kuanzisha vita baridi ya mwezi mzima. Siku hiyo Mama Funguo alisimama tu akiutazama ule mgongo ulionyooka, akijiuliza kama kweli huyu mwanamke anajua kilichomkalia, au anaosha vikombe hivihivi.

"Wifi," alisema, "uliweka sifa zote nne?"

Mikono ya wifi ilisimama ndani ya maji. Mluzi wa uani uliendelea. Kwanza alisema hajui anaulizwa nini. Halafu akafunga bomba, akakausha mikono polepole, kidole kwa kidole, na alipozungumza hakugeuka.

"Mara ya kwanza niliweka moja tu, 'mfanyakazi'. Ujumbe ukafika, madaktari wakauliza ni mfagizi gani anayetaka kuwafundisha joto. Nilikuwa mlemle chumba cha upasuaji wakicheka, nimeshika trei. Safari hii nilitaka wasicheke."

Na kweli hawakucheka. Kilichowafanya waamini ndicho kilichomvua nguo. Mama Funguo alimweleza yote kwa kunong'ona: umati, kikundi, benchi, Metroni, Jumatatu. Alimweleza vibaya, kwa kurukaruka, akirudia, akikuna shingo. Katika mafunzo alikuwa amewaambia watu kwamba sifa huupa ujumbe uzito. Hakuwaambia kwa ukali wa kutosha kwamba kila sifa unayoongeza inapunguza watu wa kujificha nyuma yao, na sasa neno hilo lilikuwa linamtafuna kama mchwa.

Wifi alitafuta pa kukaa, akakalia ndoo iliyofunikwa. Jenerali, juu ya ndoo.

"Mama nitampeleka wapi?" alisema.

Miaka yote Mama Funguo alikuwa na hamu, msimlaumu, ni binadamu, ya kumwona mwanamke huyu walau siku moja ametishika. Sasa amemwona, na alitamani ainuke apitishe kidole juu ya kabati. Alimwonea huruma. Wifi akamshika mkono, akamwomba kitu kimoja tu, kwamba mdogo wake asijue. Maana fundi yule, kwa upole wake wote, hana kifua cha kufichia siri: akilijua leo, kesho litakuwa limeingia kila nyumba yenye friji bovu. Mama Funguo akaapa. Wakatoka, wakala, wifi hakusema neno juu ya chumvi, na fundi alisifu chakula mara mbili bila kujua anasifia nini.

Jumatatu ikafika, nani wa kuizuia. Ofisini kwa Mkurugenzi walikuwa wanne. Mkurugenzi mezani. Mwenyekiti wa kamati kwenye kochi, sasa amenywea, kwa kuwa mwishoni mwa wiki hatimaye alikuwa ameelewa alichokisoma kwa sauti. Metroni kwenye kiti cha mbele, mwanamke mzito mwenye macho ya kuona mbali, bado ananukia poda ya mtoto. Na Mama Funguo amesimama ukutani, aliitwa ili athibitishe kwamba muhuri ni halali na haukuchezewa. Akathibitisha. Ulikuwa halali.

Mkurugenzi akazitaja sifa nne, moja moja, akamwomba Metroni afikiri.

Metroni hakuhitaji kufikiri, ilionekana wazi. Alizungusha pete yake kidoleni. Yeye na yule muuguzi walianza kazi pamoja, walilala bweni moja, na kila mtu humo ndani alijua kwamba Metroni hajawahi kumdanganya mkubwa wake na hakuwa tayari kuanzia siku hiyo. Alikuwa amebanwa, na jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Mwenye sifa zote hizi," alisema mwishowe, kama mtu anayemeza kidonge bila maji, "ni mmoja tu."

Mkurugenzi akafungua kalamu.

"Wawili," alisema Mama Funguo.

Wote wakamgeukia. Naye, ajabu, alikuwa ametulia, hata vidole havikucheza. Akaeleza kwa sauti ya kawaida kwamba kila ufunguo wa hospitali hii unakatwa chumbani kwake, na mwenye kukata funguo anaweza kujikatia. Anaweza kujipa uuguzi, akajipa upasuaji, akajipa mtungi na zamu, akaandika, akapiga muhuri, na muhuri utakuwa halali kabisa kama huo waliouona. Mashine haitakuwa na alama yoyote, kwa sababu anayeitunza kumbukumbu ya mashine ni yeye. Alipoulizwa zamani kama anaweza kuwaona watu, alijibu kwamba hawezi, na hawezi kweli. Hakuna aliyemwuliza kama anaweza kujifanya wao.

Mwenyekiti alifumba macho. Mkurugenzi aliweka kalamu chini, akainama mbele.

"Kwa hiyo ni wewe?"

"Nasema hesabu yenu imesahau mtu."

"Umeandika, hukuandika?"

"Hilo sitalijibu. Nikilijibu leo, kesho utamwita mwingine umwulize hivyo hivyo."

Mkurugenzi alisema mfanyakazi wa kompyuta atajuaje habari za utepe. Metroni ndiye aliyejibu, haraka, kama mtu aliyeona mlango umeachwa wazi: tepe zile hutupwa kwenye ndoo nyeupe ya koridoni, kila apitaye anaziona, hata wanaokuja kuona wagonjwa huuliza ni za nini. Kisha akachukua mkoba wake, akaufunga.

"Kama ni wawili, mimi sina jina la kutaja," alisema. "Mtu hatajwi kwa nusu."

Na yule mwema wa macho, tumpe haki yake, naye akapata sauti. Akasema kanuni za kamati haziruhusu mtu kuadhibiwa kwa ujumbe ambao mwandishi wake hajulikani kwa uhakika, kwamba atalisimamia hilo hata mbele ya wizara, na kwamba mtungi utabaki umefungwa. Mkurugenzi aliwatazama watatu wale. Huenda alijua. Mtu mzima hukisia. Lakini kukisia hakufukuzi mtu mbele ya kamati, na alichobaki nacho mkononi ni mwanamke mmoja aliyesimama ukutani ambaye ametamka mwenyewe kwamba anaweza kughushi muhuri wa hospitali. Akamwambia atoe kadi yake. Mama Funguo akaitoa.

Mchana habari ilikuwa imeenea. Alirudishwa mapokezi siku hiyohiyo, kwenye dirisha lilelile alilotoka, kuuliza watu majina na umri. Hilo angelivumilia. Lakini saa za kula watu walianza kupita mbele ya dirisha lake wakimtazama kwa namna mpya, na mtu wa maabara, yule aliyeuliza swali siku ya kwanza, alisimama, akasema bila hasira kwamba kumbe siku zote hizo angeweza kuandika chochote na kusema ni wao. Mama Funguo akakubali kwa kichwa, maana ni kweli. Siku zilizofuata hakuna aliyechomeka kadi. Mwenyekiti alikuwa anazungumzia kuigawa kazi ya kukata funguo kwa watu watatu wa idara tofauti, ili asiwepo tena mmoja anayeweza peke yake. Mama Funguo angependekeza hivyo tangu mwanzo kama asingejiamini mno. Ingechukua muda, na imani ya watu haikatwi kwa mashine. Alichokijenga miaka yote hiyo alikibomoa kwa neno moja, naye alijua hivyo wakati akilitamka. Alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi dirishani kuuliza majina.

Jioni wifi alikutana naye kwenye korido ya chini, anasukuma kitoroli cha vyombo vilivyotoka kuchemshwa kwa jirani. Macho yao yalikutana. Kusimama hapo, kushikana mikono, kusema hata neno moja, kungekuwa sawa na kumwonyesha Mkurugenzi kwa kidole. Kwa hiyo hawakusalimiana. Wauguzi wawili waliokuwa nyuma waliona, na wakasema moyoni kwamba wale ni mawifi kweli.

Nyumbani mumewe alikuwa amekaa mlangoni na simu mkononi, sura imemshuka.

"Dada amenipigia," alisema. "Analia. Baba alipofariki hakulia, leo analia, hasemi kitu. Jana mlikuwa jikoni wawili tu. Umemfanya nini?"

Mama Funguo alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwa pale kwenye ulimi, yote ya kweli, na moja tu kati ya hayo lingemsafisha. Akaufunga. Mumewe, ambaye hakuwa amempandishia sauti tangu amwoe, akampandishia. Akasema anajua dada yake ana maneno, lakini ndiye aliyemlea, na kwamba viatu vyake yeye mwenyewe havitakaa mlango huu mpaka mkewe amwombe dada radhi. Tena leo, na twende wote, nisikie mwenyewe.

Wakaenda, mke mbele, fundi nyuma. Nyumba ile ya wafanyakazi ina chumba kimoja na sebule, na mlango wa chumbani huwa wazi ili mama mkwe asijione yuko peke yake. Wifi aliwafungulia akiwa bado na sare ya kazi, macho mekundu. Alipomwona mdogo wake nyuma, akaelewa, akashika fremu ya mlango. Bibi kizee akauliza kutoka kitandani ni akina nani hao, fundi akamjibu ni sisi mama, tumekuja kusawazisha jambo dogo. Akamgusa mkewe bega.

"Wifi," alisema Mama Funguo, "nimekukosea. Naomba unisamehe."

Midomo ya wifi ilitaka kusema kitu kingine, akamwangalia mdogo wake, akaangalia mlango wa chumbani ambako mama yao alikuwa anasikiliza. Akamshika wifi yake mkono wa kulia, akaubana kwa mikono yake yote miwili mpaka mifupa ikauma.

"Nimekusamehe," alisema, na fundi akashusha pumzi, akaingia ndani kumsalimia mama yake.